Gemu Inayozima Saa Mbili Usiku

Kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kompyuta, ikizidiwa na joto haisemi. Haitoi moshi, hainuki, haiwashi taa nyekundu. Gemu inaganda, sauti inakwama kwenye silabi moja na kuirudiarudia, kisha unajikuta umetupwa kwenye deskitopu. Mara nyingine kioo kinakuwa cheusi kabisa lakini sauti ya gemu bado inasikika, na feni za kadi zinaunguruma kwa nguvu zote. Ujumbe ukitokea, unaweza kukuta umeandikwa DXGI_ERROR_DEVICE_REMOVED, kwamba kifaa kimeondolewa. Unainama chini ya meza, unakiona kifaa kipo palepale ulipokifunga.

Hapo kila mtu anakuja na dawa yake. Piga Windows upya. Ongeza RAM. Gemu ya kukraki hiyo, ina virusi. Badilisha kadi, hiyo imeshakufa. Ushauri wa mwisho ndio ghali kuliko wote, na ndio unaotolewa haraka kuliko wote, hasa na mtu mwenye kadi ya kukuuzia.

Kompyuta tunayotumia nyumbani, Tabata Segerea, Dar es Salaam, niliiunganisha kipande kwa kipande kwa vifaa vya Kariakoo. Kadi yake ni ya mtumba, GTX 1060, ya kizazi kilichotoka mwaka 2016. Tunaitumia watu wawili: mimi jioni nikirudi kazini, na mdogo wangu alfajiri kabla hajaenda chuo. Mwezi Februari ikaanza tabia. Mimi nikifungua gemu ya mbio za magari, haichukui muda imezima. Dogo anacheza gemu hiyohiyo, kwa mipangilio ileile, mpaka anachoka mwenyewe.

"Kaka, labda wewe unaiendesha vibaya," akaniambia, huku anacheka.

Nilicheka na mimi, ila katika ushauri wote niliopewa, hilo ndilo lililokuwa na taarifa ndani yake. Virusi havijui kama jua limezama. Draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, ikiwa mbovu ni mbovu saa kumi na mbili asubuhi, na ni mbovu saa mbili usiku. Kitu kinachobadilika kati ya saa hizo mbili, kwenye nyumba yenye bati juu na ukuta unaotazama magharibi, ni chumba chenyewe. Jua linapiga ule ukuta kuanzia adhuhuri mpaka linapozama, na usiku ukuta unaanza kulirudisha joto ndani, taratibu, wakati nje kuna kaupepo. Nikaweka kipimajoto juu ya meza. Alfajiri kilisoma nyuzi 27. Saa mbili usiku, madirisha wazi na pangaboi linazunguka, kilisoma 34.

Nyuzi saba zinaonekana kitu kidogo mpaka uelewe feni ya kompyuta inafanya kazi gani. Feni haitengenezi ubaridi. Inachukua hewa iliyopo chumbani, inaipitisha kwenye mapezi ya alumini, na hewa inaondoka na joto. Kwa hiyo kadi haiwezi kushuka chini ya joto la chumba. Siku zote itakaa juu yake kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hakibadiliki sana kama kazi ni ileile na feni zina kasi ileile. Chumba kikipanda saba, kadi nayo inapanda karibu saba.

Ndiyo maana namba nyingi tunazosoma mtandaoni zinatupotosha. Mtu wa Ujerumani anaandika kwamba kadi yake haivuki nyuzi 70. Sawa, hadanganyi. Lakini chumba chake kina nyuzi 21, maana yake kadi iko 49 juu ya chumba. Chukua hiyo 49 uijumlishe na 34 ya Segerea: unapata 83. Na kwa GTX 1060 na ndugu zake wa kizazi kile, 83 ndipo kadi inapoanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isizidi kupanda, ingawa ukomo uliotajwa na NVIDIA, kampuni yenye chipu hii, ni 94. Yaani kadi nzima, safi, isiyo na tatizo lolote, ikiletwa Dar mwezi wa pili inakuwa imeshafika ukingoni. Ikiongezewa vumbi kidogo tu, imevuka.

Tangu hapo sisomi tena joto la kadi peke yake. Nalisoma pamoja na la chumba, natoa moja kwa jingine, na hiyo tofauti ndiyo ninayoilinganisha na za watu wengine.

Sasa, kama kadi inajipunguzia kasi kujilinda, kwa nini gemu izime? Hilo swali lilinisumbua, na jibu lake nililipata kwa kusoma kumbukumbu za kompyuta yenyewe kabla ya kugusa bisibisi.

Windows ina programu inaitwa Event Viewer. Inatisha kwa mtu anayeifungua mara ya kwanza, kwa sababu imejaa alama nyekundu na za njano hata kwenye kompyuta isiyo na shida. Achana nazo. Nenda kwenye System, tafuta dakika ileile gemu ilipozima. Ukikuta tukio namba 4101 likiwa na jina nvlddmkm, hiyo ni draiva ya NVIDIA. Mwenye kadi ya AMD atakuta jina la draiva ya AMD. Maana yake ni kwamba Windows iliipa kadi kazi, ikasubiri jibu, jibu halikuja, ikaamua kuianzisha kadi upya. Subira yenyewe, kama hujaigusa, ni sekunde 2. Gemu iliyokuwa inategemea kadi hiyo inabaki haina pa kushika, inaanguka.

Ukikuta namba 41, Kernel-Power, hiyo ni habari nyingine. Kompyuta nzima ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Namba 41 haikupi sababu. Hata umeme ukikatika mtaa mzima, ukirudi na kuwasha utaikuta imeandikwa. Kwangu zilikuwa 4101 zimepangana, zote za jioni.

Lakini 4101 nayo inasema tu kwamba kadi haikujibu. Haijasema kwa nini. Draiva mbovu inaweza kuileta, kadi iliyoongezewa kasi kupita uwezo wake inaweza, memori ya kadi inayokufa inaweza. Hapo nikashusha HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vyote vya ndani ya kompyuta. Uzuri wake ni kwamba ina kitufe cha kurekodi: kila baada ya sekunde 2 inaandika mstari mmoja kwenye faili, na faili lenyewe unalifungua kwa Excel. Nikaiacha inarekodi, nikaingia mbioni saa mbili usiku, ikazima kama kawaida yake.

Nililifungua lile faili nikashuka mpaka chini kabisa. Safu ya GPU Temperature ilikuwa imetulia: 83, 83, 84, 83, 83. Ukiisoma hiyo peke yake utasema kadi inajimudu. Safu ya pembeni yake imeandikwa GPU Hot Spot. Hiyo haikutulia. Ilikuwa inapanda polepole tangu mwanzo wa mbio, na kwenye mistari ya mwisho ilisoma 104, 105, 106, 107. Kasi ya kadi, ambayo ilianza juu ya megahetzi 1,850, ilikuwa imeshuka chini ya 1,600, na feni zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo. Mstari uliofuata, ghafla, kasi ni 139. Hiyo 139 ndiyo kasi ya kadi hizi zikiwa zimekaa bila kazi. Kwa hiyo kati ya mistari ile miwili, kati ya 107 na 139, ndipo gemu ilipofia.

Chipu ya kadi haina joto moja. Ina vipimo vingi vilivyotawanyika ndani yake. Hot Spot ndiyo sehemu iliyochemka kuliko zote. Kwenye kadi yenye afya, tofauti kati ya namba hizo mbili huwa nyuzi 10 hadi 15 hivi. Yangu ilikuwa 24. Na transista, zile swichi ndogo mno zilizo ndani ya chipu, zikichemka namna hiyo zinachelewa kidogo kubadili hali, huku zikivujisha umeme zaidi, na umeme unaovuja nao unageuka joto. Kadi iliyopangiwa kasi kubwa tangu kiwandani haina nafasi ya kuchelewa. Kosa moja dogo la hesabu linatosha kuifanya inyamaze, na ikinyamaza sekunde 2 zimekwisha. Tena hapo sijataja chipu za memori zinazoizunguka na zile sehemu za kugawa umeme, ambazo kwenye kadi hii hazina kipimo unachoweza kukisoma, ila zinapata hewa ileile ya moto.

Kuna jaribio moja la bure ambalo kila mwenye kompyuta ya mezani anaweza kulifanya usiku uleule. Vua mfuniko wa ubavuni wa kesi, elekeza feni ya mezani ndani, cheza tena, soma namba. Kama joto linashuka sana, kesi yako haipumui. Kama halishuki, tatizo liko kwenye kadi yenyewe. Kwangu majibu yalikuja ya pande zote mbili: joto la kawaida lilishuka hadi 76, Hot Spot ikaja 99. Zote zimeshuka, lakini tofauti kati yao imebaki 23. Feni ya mezani ilisaidia hewa ya kesi, ila ile tofauti haikuigusa. Ikamaanisha nina matatizo mawili, na hili la pili liko mahali upepo haufiki, kati ya chipu na bamba la kuipoza.

La kesi nilimalizana nalo bila hela. Hizi kesi zenye kioo mbele na mataa ya rangi zinapendeza dukani, na mimi niliipenda vilevile, ila feni za mbele zinavuta hewa kupitia ufa wa upana wa kidole. Halafu kesi yenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye kijikabati cha meza, mgongo umegusa ukuta, inavuta hewa iliyoitoa yenyewe. Nikaitoa, nikaiweka juu ya meza, nyuma nikaacha nafasi ya shubiri nzima, na kioo cha mbele nikakivua nikakiweka chini ya kitanda. Mama alipopita akauliza kama imeharibika, maana sasa inaonekana haijamaliziwa kujengwa.

Vumbi lina habari yake. Barabara yetu ya mtaa haina lami, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo vumbi la hapa halikai juu ya kitu tu, linagandamana. Linachanganyika na mvuke wa jikoni na nywele. Ukitazama feni za kadi kwa juu unaona ni safi. Vumbi liko chini yake, pale hewa inapoingia kwenye mapezi, na linakuwa tabaka la kijivu lililoshikana kiasi kwamba ukilivuta pembe moja linatoka lote.

Kuhusu kupuliza: blowa ya mafundi ni nzuri, ila feni izuiwe kwa kidole au kijiti isizunguke wakati unapuliza. Upepo ule unaizungusha kuliko kasi iliyotengenezewa, beringi zinaumia, na mota inayozungushwa kwa nguvu ya nje inazalisha umeme na kuurudisha kwenye kadi. Na kuna wale wanaopeleka kompyuta kwa fundi pancha, kwa sababu kompresa ya pale ina nguvu. Upepo wa kompresa ile unatoka na maji na mafuta. Kwenye tairi haina shida. Kwenye kadi usithubutu, hata kama fundi pancha ni jirani yako na anakufanyia bure.

Kadi yenyewe niliipeleka Kariakoo, kwa fundi mmoja ghorofa ya pili, kijana wa makamo yangu, anayetengeneza laptopu siku nzima.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri bosi. Ina nini hiyo?"

"Inazidiwa joto. Nataka tuifungue tubadilishe pesti, ila ifunguliwe mbele yangu."

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi, fundi. Nataka kuona."

Akacheka, akanisogezea stuli. Na nilifurahi kukaa, kwa sababu yule kijana anaijua kazi yake. Kwanza aliipiga picha kwa simu kila upande. Skrubu nne zinazobana bamba kwenye chipu zina springi. Hakuzifungua kwa kuzunguka duara, alilegeza moja kidogo, akaenda ya pembe ya pili kwa mshazari, akarudi, mpaka zote zikalegea kwa pamoja, ili chipu isibanwe upande mmoja. Bamba halikutoka. Watu wengi hapa wanachukua bisibisi bapa wanachokonoa. Yeye alilishika kwa mikono miwili akalizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka likaachia, akalinyanyua kiasi tu cha kuona ndani, kwa sababu waya wa feni ulikuwa bado umeshikana na kadi. Akauchomoa huo ndipo akalitoa lote.

Ile pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko wa wali uliosahaulika sufuriani. Pembeni mwa chipu ilikuwa imejikusanya kwa wingi, na katikati, pale panapochemka kuliko kote, kulikuwa na sehemu ambayo chipu ilionekana tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa 107 yangu. Pesti kazi yake ni kujaza vijishimo visivyoonekana kati ya chipu na bamba, kwa sababu hewa inayobaki humo haipitishi joto vizuri. Miaka ya kuchemka na kupoa inaisukuma pesti kutoka katikati kwenda pembeni, na iliyobaki inakauka.

Aliisafisha kwa spiriti ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia kidonda, mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji. Ukiitumia ipe muda mrefu ikauke. Pesti nilinunua mwenyewe, Arctic MX-4, kwa sababu zile sindano za kijivu zisizo na jina zinazouzwa jumla sikuziamini. Aliyekuwa amekaa pembeni anasubiri simu yake akachangia kwamba dawa ya meswaki nayo inafanya kazi. Fundi hakubisha. Alisema inafanya kazi kweli, mpaka maji yaliyomo yakauke, halafu mteja anarudi.

Pedi zile laini zinazokaa juu ya chipu za memori zilichanika mbili. Alikuwa na za akiba, ila alichukua kipimo akapima kwanza: za kwenye kadi zilikuwa milimita 1.5, zake zilikuwa 2. "Hizi nikiweka," akasema, "zitainua bamba, halitagusa chipu vizuri. Utatoka hapa ukiwa na joto kuliko ulilokuja nalo." Akatuma kijana duka la jirani, tukasubiri. Nusu milimita ile ingenirudisha nilikotoka, na ningemlaumu mwenye pesti. Fundi anayepima pedi kabla ya kuweka, mlipe anachotaka.

Usiku ule chumba kilikuwa 33. Nikarekodi upya. Joto la kawaida 74, Hot Spot 87. Tofauti 13. Nilicheza mpaka nikasinzia kwenye kiti.

Wengi huishia hapo. Mimi niliona bado tuna nafasi, kwa sababu Februari nyingine itakuja na bati halitahama. Kuna programu ya MSI Afterburner, inafanya kazi hata kama kadi yako haikutengenezwa na MSI. Ndani yake kuna mstari wa Power Limit, kikomo cha umeme ambao kadi inaruhusiwa kula. Kadi hii imepangiwa wati 120. Nikaurudisha mstari hadi asilimia 80, yaani wati 96. Akili ya kawaida inasema utapoteza asilimia 20 ya kasi. Hapana. Kadi huwa zinasukumwa kutoka kiwandani mpaka kwenye kipande cha mwisho ambacho kinakula umeme mwingi kwa faida ndogo. Gemu yangu iliyokuwa inatoa fremu, yaani picha, 70 kwa sekunde ilikuja 66. Kioo changu ni cha hetzi 60, hata hizo 66 siwezi kuziona. Nikaifunga gemu kwenye fremu 60, na tangu mwaka 2020 NVIDIA wameweka hiyo nafasi kwenye mipangilio yao wenyewe, huhitaji programu ya pembeni. Joto likashuka chini ya 70.

Kuzifunga fremu kuna faida nyingine ambayo watu wanaidharau. Gemu isiyofungwa inaweza kuichemsha kadi kwenye menyu kuliko kwenye mapambano, kwa sababu menyu ni picha rahisi na kadi inaichora mara mamia kwa sekunde bila sababu. Mwaka 2010, gemu ya StarCraft II ilipotoka, watengenezaji wake Blizzard wenyewe walikiri kwamba baadhi ya skrini zenye vitu vichache zinaweza kuzidisha joto, wakawaeleza wachezaji mistari ya kuongeza kwenye faili la mipangilio ili fremu zifungwe 60, na 30 kwenye menyu. Mwezi Machi mwaka huohuo NVIDIA waliiondoa draiva yao namba 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba feni za kadi haziendi inavyotakiwa na kadi zinachemka. Kwa hiyo anayekwambia programu haiwezi kuua kadi, hayo hayajui. Na anayesema kila kuzima ni draiva, naye pia hajakaa Dar mwezi wa pili.

Mama alilipokea suala la Power Limit vizuri kuliko sote. Kompyuta inayokula wati 250 kwa saa nne imekula uniti moja ya LUKU, na umeme wote huo mwishowe unakuwa joto ndani ya chumba kilekile unacholalamika kwamba kina joto. Ukipunguza kwenye kadi, umepunguza kwenye chumba, na chumba kikishuka kadi inashuka tena.

Si kila kuzima ni joto, hilo nalo nililiona kwa macho. Rafiki yangu wa Sinza, baada ya kusikia yangu, alitaka tukafungue kadi yake. Nilimwomba arekodi kwanza. Faili lake lilisema kitu kingine kabisa: kompyuta ilikatika nzima, mbio ndiyo kwanza zinaanza, na joto lilikuwa 58. Event Viewer ilikuwa na 41 tupu. Joto linahitaji muda kujikusanya. Kinachoua mara tu kazi inapoanza huwa ni umeme. Nyumba yake ina umeme mdogo nyakati za jioni, mita ya fundi ilisoma volti 187 pale panapotakiwa 230, na kwenye ekstensheni hiyohiyo kulikuwa na friji na runinga. Pawa saplai yake, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa nyepesi hata ukiishika mkononi. Tukafunga ya kwangu kwa majaribio, tukachomeka kwenye soketi ya peke yake, gemu ikaenda mpaka usiku wa manane. Angebadilisha pesti angepata kadi yenye ubaridi mzuri na inayozimika vilevile.

Siku hizi watu wananiomba niwasindikize kununua kadi za mtumba, na zipo nyingi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum, iliyokuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki, ilipoacha uchimbaji huo tarehe 15 Septemba 2022, mashine zilizokuwa zinafanya kazi usiku na mchana zikaanza kuuzwa duniani kote, na kadi haina kilomita za kusoma kama zilivyo kwenye dashibodi. Naitazama kwa nyuma na pembezoni mwa chipu za memori: pedi zilizochemka muda mrefu zinatoa mafuta, yanaacha unyevu unaong'aa kwenye ubao. Nazungusha feni kwa kidole nisikie kama zinakwaruza. Halafu namwomba muuzaji tuifunge kwenye kompyuta yake, nifungue HWiNFO, tuiendeshe kazi nzito kwa nusu saa, na ile feni yake ya ukutani tuigeuzie upande mwingine.

Juzi mmoja alinitazama kwa muda kidogo. "Bosi," akasema, "feni nikiigeuza na mimi nitazima." Lakini akaigeuza. Tofauti ikaja 12, tukalipa. Duka tulilotangulia kuingia walisema hawana muda huo, na kadi yao ilikuwa rahisi zaidi kwa elfu arobaini.